Kupanda Mau Ndani ya Futi Kumi

Kutoka Mau Summit hadi ukingo wa Ziwa Victoria, reli inayoingia Kisumu hushuka takriban mita 1,400 katika safari ya yapata kilomita 150. Mtu akiamua kuijenga yote kwa kipimo cha 1 kwa 87, kiitwacho HO, kipimo kinachopendwa kuliko vyote na wajenzi wa reli za mfano duniani, atahitaji njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja unusu, na kilele chake kitakuwa mita 16 juu ya bandari. Hakuna nyumba ya kupanga katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, itakayokibeba kilima hicho. Chumba cha kawaida mtaani humo ni futi kumi kwa kumi, na ndani yake kuna kitanda, jiko, viti na maisha ya watu. Reli ikibahatika kupata pahali, itapata ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, unaoegemezwa ukutani mchana na kulazwa juu ya vigoda jioni.

Juu ya ubao huo hesabu inayofanyika ni ileile iliyowatoa jasho wahandisi wa Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Kwenda juu hununuliwa kwa masafa. Masafa yakikosekana, hununuliwa kwa kona, na kila kona hudai malipo yake, mara moja kwa nguvu za injini na mara ya pili kwa upana wa nafasi. Anayejenga treni ndogo kwa dhati hujikuta amekaa meza moja na waliojenga ile kubwa.

Manyatta yenyewe ni tambarare. Mvua za masika zikikolea, Mto Auji hupanda kingo na kuingia vibarazani kwa sababu maji hayana mteremko wa kuyaharakisha kwenda ziwani. Lakini mkazi wake akiinua macho upande wa kaskazini siku isiyo na ukungu huona vilima vya Kajulu, na ng'ambo yake ukuta wa Nandi uliosimama wima juu ya mashamba ya miwa. Ukuta huo ndio unaoeleza kwa nini reli imepita ilikopita. Treni hairuki. Ukuta wa mita 600, kwa mwinuko wa asilimia 2, unadai kilomita 30 za reli, na ubavuni mwa mlima kama ule kilomita 30 hazipatikani ila kwa kukwangua mwamba huku na huku. Kwa hiyo reli inatoka Kisumu kwa unyenyekevu, inakata tambarare za Kano kupitia Kibos, Miwani na Chemelil hadi Muhoroni, na njia yote hiyo imepanda mita zisizozidi mia mbili hivi. Kisha inajiingiza kwenye bonde la Nyando, kati ya Nandi na nyanda za Kericho, na kulifuata bonde hilo kwa subira: Koru, Fort Ternan, Kipkelion ambayo zamani iliitwa Lumbwa, Londiani, hadi Mau Summit kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500.

Ukigawanya mita 1,400 kwa kilomita 150 unapata wastani usiofika hata asilimia 1. Wastani huo unadanganya. Theluthi ya njia karibu haipandi kitu, na kazi yote imesukumwa juu ya sehemu iliyobaki, ambako wahandisi walitumia mwinuko wa asilimia 2 kama sheria isiyovunjwa. Mjenzi wa mezani hukutana na jambo hilohilo anapochora mpango wake. Hutazama urefu wote wa njia, hugawanya, huona namba nzuri, halafu hukumbuka kwamba stesheni lazima iwe sawa, kwamba maungio ya njia hayapendi kuwekwa juu ya mteremko, kwamba mabehewa yanayoachwa peke yake kwenye mwinamo hayabaki pale yalipoachwa. Akiondoa sehemu hizo, mwinuko uliobaki huongezeka maradufu.

Asilimia 2 inaonekana ndogo. Ni sentimita mbili katika mita nzima, na mtu akitembea juu ya njia hiyo hata pumzi haimpandi. Kwa treni ni jambo jingine kabisa. Kwenye ardhi sawa, tani moja ya mabehewa huhitaji nguvu ya kilo mbili au tatu tu ili iendelee kusonga, kwa kuwa chuma kinachoviringika juu ya chuma hakipati kizuizi cha maana. Inua njia hiyo asilimia 2 na kila tani itadai kilo 20 juu ya zile za kwanza. Injini iliyokuwa ikivuta bila shida hutakiwa kutoa nguvu mara nane hadi kumi na moja, na magurudumu yake bado yameshika reli kwa eneo dogo lisilozidi ukucha wa kidole. Sifa ya chuma kuviringika kwa wepesi, inayoifanya reli iwe na faida tambarare, ndiyo inayoiadhibu mlimani. Umande wa Londiani alfajiri hutosha kuyafanya magurudumu yateleze, ndiyo maana injini hubeba mchanga mkavu wa kumwagia reli.

Katika umbo dogo, sheria hizo hubadilika kidogo. Urefu hupungua mara 87, lakini uzito hupungua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, yaani zaidi ya mara 658,000. Injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi, zilikuwa na uzito wa tani 252. Zipunguze ipasavyo na unapata chini kidogo ya gramu 400. Injini ya gramu 400 inayoshika reli kwa moja ya tano ya uzito wake ina mvuto wa gramu 80, basi. Ndani ya gramu hizo 80 mna kila kitu: msuguano wa ekseli, uzito wa mabehewa unaorudi nyuma mlimani, na usumbufu wa kona. Wajenzi huongeza vipande vya risasi ndani ya boila, au huvisha magurudumu mawili pete nyembamba za raba. Pete hizo husaidia kushika, ila hupunguza mahali umeme unapopandia kutoka kwenye reli, na injini huanza kusitasita mahali ambapo haikusitasita awali. Hakuna msaada wa bure katika kazi hii.

Sasa tuiweke njia kwenye ubao. Umbo linalowavutia wengi ni la namba nane, treni ikipita juu ya yenyewe katikati. Njia kama hiyo kwenye plaiwudi ya futi nane kwa nne hufikia mita 6 hivi, na kila tanzi moja ni mita 3. Wajenzi wa reli za Marekani, ambako mabehewa ni marefu na ya juu, huacha milimita 76 kati ya reli ya chini na tumbo la daraja. Ongeza unene wa daraja na mataruma ya juu, unakaribia sentimita 10. Kupanda sentimita 10 ndani ya mita 3 ni asilimia 3.3, na hilo ni kabla ya kuiacha njia ianze kupanda taratibu na kumaliza taratibu. Ukiweka hayo, katikati ya mwinuko unafika asilimia 4 au kuzidi. Reli ya Kisumu haikuthubutu hivyo popote.

Hapa ndipo mjenzi wa Kenya ana neema ambayo wengi hawaitumii. Reli ya zamani ya Afrika Mashariki ina upana wa mita moja, na vyombo vyake ni vidogo kuliko vya Marekani. Mita moja kwa kipimo cha 1 kwa 87 ni milimita 11.5, na reli za milimita 12 zimekuwa zikiuzwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vipimo vingine. Injini ya daraja la 59 ilikuwa na kimo cha takriban mita 4, ambacho mezani ni milimita 46. Ukiacha milimita 55 na kujenga daraja jembamba la bati, sentimita 7 zinatosha kati ya njia ya juu na ya chini. Sentimita 7 ndani ya mita 3 ni asilimia 2.3. Kwa kuchagua reli ya nyumbani badala ya reli ya picha za magazeti ya ng'ambo, mjenzi ameondoa karibu theluthi moja ya kilima chake, na treni yake imeanza kufanana na ile inayopita Kipkelion.

Njia mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, ni kinyume cha hayo. Ilijengwa ili ipitishe kontena mbili zilizopandana, na kontena mbili peke yake, bila sakafu ya behewa, zimepita mita 5. Kila daraja la barabara linalovuka juu yake lilibidi kuinuliwa kwa ajili ya kontena hiyo ya pili. Na pale mwendelezo wa njia hiyo unapokata Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kuelekea Suswa, umepandishwa juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita 6 ili wanyama wapite chini. Nafasi ya kupita ni deni la pande mbili. Kuna anayepita juu na kuna anayepita chini, na twiga hawezi kuombwa ainamishe shingo.

Lakini ni kona inayowatesa wajenzi kuliko kitu kingine. Treni inapopinda, kingo za magurudumu yake husuguana na reli, na mvuto wa injini hauendi mbele peke yake. Sehemu yake huyavuta mabehewa kuelekea ndani ya tanzi. Wahandisi wa reli wanalijua hilo tangu zamani na hupunguza mwinuko kila njia inapopinda. Desturi ya India, ambako wengi wa waliojenga reli yetu walijifunzia kazi, ni kupunguza asilimia 0.03 kwa kila digrii ya kona kwenye reli ya upana wa mita moja. Mezani, ambako kona ni kali kupita kiasi, adhabu ni kubwa zaidi. John Allen, mpiga picha wa Monterey huko California aliyejenga milima ya ajabu ya plasta hadi kifo chake mwaka 1973, aliwaachia wajenzi kanuni rahisi kwa kipimo cha HO: gawanya 32 kwa nusu kipenyo cha kona kilichopimwa kwa inchi, na jibu ni asilimia ya mwinuko ambayo injini itaihisi juu ya ile iliyopo. Kona ya inchi 20, ambayo ni kama sentimita 50, huongeza 1.6. Mwinuko wetu wa asilimia 2.3, ukiwekwa wote kwenye kona, unakuwa karibu 4 machoni pa injini.

Mtu akilifahamu hilo, hubadilisha mpango. Huweka sehemu kali ya mwinuko kwenye mstari mnyofu na kuacha kona ipande polepole, hata kama kwa kufanya hivyo mlima hauonekani wa kuvutia kwenye karatasi. Au huamua kuzunguka. Huko Mazeras, bara kidogo ya Mombasa, reli ya mita moja hujizungusha na kupita juu ya yenyewe ili kupata kimo pasipo na nafasi ya kwenda mbali. Reli ya Darjeeling nchini India, iliyofika huko mwaka 1881, ina mizunguko ya aina hiyo, na mahali pengine treni husimama, hurudi kinyumenyume kwenye njia ya juu zaidi, kisha huendelea mbele. Wajenzi wa mezani wana mzunguko wao, ngazi ya duara inayofichwa pembeni mwa chumba na kuipandisha treni kutoka meza ya chini hadi ya juu. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 60 lina mzingo wa mita 3.77. Kwa sentimita 7 kila mzunguko, huo ni mwinuko wa asilimia 1.9. Ni ajabu kidogo kwamba namba hiyo inakaribiana hivyo na ile ya Mau.

Mashariki ya Mau kuna mfano wa watu walioshindwa kusubiri masafa. Njia ya kuteremka kutoka nyanda za Kikuyu hadi Bonde la Ufa ilidai muda mrefu wa kuchonga mlima, na ziwa lilikuwa linangojewa. Wahandisi wakaweka miteremko ya kamba, vyombo vikishushwa na vingine vikivutwa juu. Mahali pakali zaidi mwinamo ulikaribia asilimia 50, na huko behewa lilipandishwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, refu upande wa chini na fupi upande wa juu, ili mzigo ubaki umelala sawa wakati jukwaa linateremka. Mtambo huo ulifanya kazi hadi mwaka 1901, njia ya kudumu ilipokamilika. Mjenzi mwenye mkono mwepesi akiiga jambo moja tu la Reli ya Uganda, afadhali aige hilo. Linaingia kwenye sentimita 40 za ubao, na linaeleza kwa macho kile ambacho asilimia 2 zilikuja kukiondoa.

Sehemu ya Mau ilipewa madaraja 27 marefu ya chuma, yaliyoletwa na kampuni ya American Bridge kutoka Marekani na kuunganishwa papo hapo juu ya makorongo. Kila korongo lingeweza kuzungukwa au kushukwa na kupandwa upya. Kulivuka moja kwa moja kuliokoa kimo ambacho treni ilikuwa imeshakilipia, kwa kuwa mita moja ya kushuka katikati ya mlima ni mita moja ya kupandwa tena. Desemba 1901 Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli, aligongomea kifungo cha mwisho kando ya ziwa, na kituo kikaitwa Port Florence. Kati ya wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India, takriban 2,500 walikufa. Mwinuko mpole wa asilimia 2 una makaburi yake.

Miaka ya 1920 njia nyingine ilichongwa kutoka Nakuru kwenda Eldoret na baadaye Kampala. Kilele chake karibu na Timboroa kinapita mita 2,700, juu zaidi ya Mau. Kisumu, iliyokuwa mwisho wa yote, ikawa tawi.

Turudi kwenye plaiwudi, maana hapo ndipo mkono unapoamua kama akili ilihesabu vizuri. Njia bora ya kupata mwinuko laini haihitaji kifaa cha gharama. Fundi wa mbao wa Kibuye, Kisumu, anaweza kuifanya kwa msumeno mwembamba. Chora njia juu ya plaiwudi ya milimita 9, kata pande zote mbili za mstari lakini usikate ncha zake, kisha inua ukanda huo kutoka chini kwa vipande vya mbao vinavyozidi urefu kidogo kidogo. Ubao wenyewe utakataa kuvunjika. Utajipinda polepole unapoanza kupanda na polepole unapomaliza, na mpindo huo ndio hasa treni inaoutaka. Mwinuko unaoanza ghafla huinua magurudumu ya mbele ya injini au hukwaruza tumbo lake kwenye reli, na kule juu kulabu za mabehewa hupishana kimo na kuachana, mabehewa yakarudi chini peke yake.

Kuupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua pimamaji ya sentimita 50, weka chini ya ncha yake inayoelekea mteremkoni kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 1 kamili, ukifunge kwa nyuzi. Sasa tone la hewa likikaa katikati, njia ipo asilimia 2 barabara. Likikimbilia upande wa juu, njia inapanda kuliko ulivyokusudia. Isogeze pimamaji pole kwa pole kutoka chini hadi kileleni, na kila mahali tone linapohama, legeza skrubu, ingiza karatasi au toa karatasi. Kazi hii huchukua jioni nzima, na ni afadhali ifanyike kabla ya gundi yoyote kufunguliwa. Sakafu za nyumba nyingi za kupanga hazijalala sawasawa, kwa hivyo ubao wenyewe lazima uwekwe sawa kwanza, la sivyo mteremko wa chumba utaongezwa juu ya ule wa reli.

Upana nao una kipimo chake. Behewa refu linapopinda, bogi zake mbili hubaki juu ya reli lakini katikati yake hukata kona kwa ndani, na ncha zake hutoka nje. Behewa ambalo bogi zake zimeachana kwa sentimita 14, kwenye kona ya nusu kipenyo cha sentimita 50, huingia ndani milimita 5. Zikiwa njia mbili zinapinda pamoja, behewa la njia ya nje linaingia ndani wakati ncha za lile la ndani zinatoka nje, na pale ambapo mstari mnyofu ungeruhusu mabehewa yapishane kwa amani, sasa yanagongana mabega. Dawa ni kalamu ya risasi. Ifunge ubavuni katikati ya behewa refu kuliko yote, ncha yake ikigusa ubao, ulisukume behewa kwa mkono kuzunguka kona nzima. Kisha ihamishe kalamu kwenye ncha ya behewa, urudie. Mistari miwili iliyobaki ni mpaka ambao hakuna ukuta, nguzo wala jukwaa la stesheni litakalouvuka. Reli za Uingereza zilifanya jambo hilohilo kwa behewa maalumu lililochomozwa vidole vya risasi pande zote. Kidole kilichorudi kimepinda kilisema ni daraja gani lililo karibu mno.

Injini za Garratt, zilizoanza kufika Kenya mwaka 1926, zinaonyesha vizuri jinsi kona na mwinuko vinavyodai vitu vinavyopingana. Mlima unataka injini ndefu yenye magurudumu mengi ya kushika reli. Kona inataka injini fupi. Herbert Garratt alijibu kwa kuweka boila moja katikati ya vyombo viwili vya magurudumu vinavyojigeuza kila kimoja peke yake, na injini ya daraja la 59, yenye urefu wa karibu mita 32, ikaweza kupinda mahali ambapo injini ngumu ya urefu huo ingeng'oa reli. Boila lake, likiwa katikati, huingia ndani ya kona kama behewa lile la kalamu. Mbili kati ya injini 34 za aina hiyo, Mount Gelai na Mount Shengena, zipo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na mjenzi anayetaka kuelewa jambo hili asome vitabu baadaye. Kwanza asimame kati ya boila na tangi la maji la mbele na kuangalia ule mshikizo wa chini unaogeuka.

Kuna nafasi moja ambayo kalamu haiwezi kuichora. Februari 2021, usiku, wakati wa amri ya kutotoka nje, nyumba za jamii ya Wanubi walioishi Kibos kwa vizazi zilibomolewa kwa sababu zilidaiwa kuwa juu ya ardhi ya reli. Watu zaidi ya 3,000 walibaki bila makao. Shule na msikiti vilienda na nyumba. Mwisho wa mwaka huo treni ya abiria ilirudi Kisumu, baada ya miaka mingi ya ukimya, na ikapita hapo. Reli inahitaji nafasi pembeni yake, hilo halina ubishi. Mzigo hulegea, behewa huanguka, na mtoto anayecheza kando ya taruma yumo hatarini. Ila upana wa nafasi hiyo ni uamuzi wa watu, kama ulivyo uamuzi wa kuchagua nani aondoke na apewe nini. Mjenzi anayetandaza njia ya Kibos mezani atafika kilomita hiyo na itabidi aamue aweke nini kando ya reli yake: nyasi tupu kama zilivyo kwenye picha za matangazo, au vibanda, mashamba ya sukuma wiki, msikiti na kamba za nguo kwa umbali ambao watu waliishi kweli. Kuviweka ni kazi ngumu zaidi kuliko kuchonga Mau. Ni kazi inayostahili kufanywa kwa usahihi uleule wa milimita.

Njia inaishia majini. MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966 na kurudishwa ziwani mwaka 2019, ina reli juu ya sitaha yake. Mabehewa huingia ndani ya feri kupitia daraja lenye bawaba bandarini Kisumu. Hapo ndipo mahali pagumu kuliko pote kwa yeyote anayeijenga, kwa sababu mwinuko wake haukai. Ziwa lilipanda mno mwaka 1964, likapanda vivyo hivyo mwaka 2020, na katikati ya hapo, mwaka 2006, lilishuka hadi tofauti ya karibu mita 3. Daraja la mita 30 lenye tofauti hiyo kati ya ncha zake lina mwinuko wa asilimia 10, na kila ncha yake ina mvunjiko mkali ambao behewa refu huuvuka kwa shida. Kwa kawaida, kwenye bandari za aina hii, injini haiingii darajani. Husukuma mabehewa matupu yaliyowekwa kati yake na mzigo, ili uzito wake ubaki nchi kavu. Mezani, mita 3 ni milimita 34, nusu ya kimo chote kilichohitajika kuvuka juu ya reli nyingine. Kabla ya kukata ubao wa bandari, mjenzi lazima aamue ziwa lake ni la mwaka gani. Akichagua 1966, feri ikiwa mpya na maji yakiwa bado juu baada ya mafuriko ya miaka ile, ataipandisha feri yake juu zaidi kuliko akichagua 2006, na bawaba itawekwa ipasavyo.